"Them" si "those": kupanga mahali na wakati baada ya viwakilishi vya Kiingereza

Mama mmoja anayeuza samaki alinijia asubuhi kwenye saiba ninakochapia watu barua hapa Kisumu. Usiku alikuwa ametuma mzigo Nakuru, kwa hoteli fulani: boksi moja la ngege wakubwa na ndoo moja ya wadogo. Mpishi mkuu wa pale alikuwa mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, kwa hivyo ilibidi aandikiwe kwa Kiingereza.

"Mwanangu," mama akasema huku akihesabu sarafu, "mwambie apike wale walio kwenye boksi Ijumaa. Wale wa ndoo wangoje kwanza."

Nikaandika sentensi ya kwanza bila kufikiri, "Cook them in the box on Friday," nikaituma. Kabla sijamaliza ya pili simu ikalia. Mpishi alitaka kujua kama boksi lile ni karatasi ya kawaida au ni la kuingia kwenye ovena.

Mama alicheka mpaka akashika meza. Mimi aibu ilinijaa, maana Kiingereza cha watu ndicho kinachonilisha. Kosa lenyewe lilikuwa la neno moja tu: niliandika "them" mahali pa "those". Neno "them" halikubali kushikana na "in the box", basi "in the box" ikaruka ikaenda kushikana na kitendo cha kupika. Samaki wakawa wa kupikwa ndani ya boksi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaokota makosa ya aina hii, yangu na ya wateja. Hapa nimeyapanga kwa hatua, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninapomwandikia mtu ujumbe au barua ya kuomba kazi.

Kinachotuponza

Kiswahili kina kamba ya kufungia. Ukisema "wale walio kwenye boksi", ile "-lio-" imefunga samaki na boksi, na hakuna atakayekuelewa vibaya. Shuleni tuliiita o-rejeshi, na ukitaka kuirefusha unatumia "ambao wako". Kiingereza nacho kina njia ya kusema hivyo, "those that are in the box", lakini mara nyingi hakijisumbui. Kinachukua kiwakilishi, kinabandika kirai kihusishi cha mahali au cha wakati, yaani kifungu cha maneno kama "in the box" au "on Friday", hapohapo nyuma yake, basi:

"those in the box"
"someone at the gate"
"everyone on the bus"
"the one on Friday"

Hakuna kamba. Maneno yanashikana kwa kukaa karibu tu, kama abiria wasiojuana. Na kwa kuwa hakuna kamba, kirai hichohicho kinaweza kuwa kinaeleza kiwakilishi, yaani ni nani au ni kipi, au kinaeleza tendo, yaani lilifanyika wapi au lini. Anayeandika asipoamua, msomaji ataamua, na msomaji ana haraka zake.

Hatua ya kwanza: piga kipimo cha "ambaye yuko"

Kabla hujaandika Kiingereza, sema sentensi yako kwa Kiswahili kizima. Kisha ukiangalie kile kirai cha mahali au cha wakati. Je, kinakubali "ambaye yuko", "ambao wako", "ambacho kiko"? Kama kinakubali na maana haibadiliki, kirai hicho ni cha kiwakilishi, na kikae bila kutenganishwa nacho. Kama hakikubali, ni cha kitenzi, na utakipangia nafasi katika hatua ya sita.

Chukua "I saw someone at the stage." Ina maana mbili: nilimwona mtu ambaye alikuwa stejini, yaani kituo cha matatu, au nikiwa stejini nilimwona mtu. Hapa tofauti ni ndogo, wacha ipite. Lakini chukua hii, niliyoiona kwenye barua ya katibu wa chama fulani cha akiba: "Call those in the office on Monday." Ofisini ni kwa wale watu, hilo halina shaka. Jumatatu je? Ni siku ya kupiga simu, au ni wale watakaokuwa zamu Jumatatu? Katibu mwenyewe nilipomuuliza alinyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nimuulize mwenyekiti."

Kama Jumatatu ni ya kupiga simu, ipeleke mwanzo: "On Monday, call those in the office." Kama Jumatatu ni ya zamu, rudisha kamba: "Call those who will be on duty in the office on Monday." Sentensi imerefuka, lakini mwenyekiti hatapigiwa simu usiku wa Jumapili.

Hiyo ndiyo dawa ya jumla. Ukiona kirai kinaning'inia kati ya mabwana wawili, ama kipeleke mbele ya sentensi, ama kifunge kwa kitenzi chake.

Hatua ya pili: chagua kiwakilishi kinachokubali mzigo

Si kila kiwakilishi cha Kiingereza kinakubali kubebeshwa kirai. Hapa ndipo nilipoungulia.

Vinavyokataa ni vile vidogo vya kila siku: he, she, it, they, him, her, them. Hakuna anayesema "he at the gate" akimaanisha yule aliye getini, wala "it on the table" akimaanisha kile kilicho mezani. Sababu ni kwamba viwakilishi hivi hutumika pale ambapo msomaji ameshajua ni nani anayezungumziwa. Ukishasema "him" umeshamtambulisha, kwa hivyo hakuna haja ya kusema ni yupi. Ndiyo maana kirai kikifuata "them", Mwingereza hawezi kukisoma kama kitambulisho. Atakisoma kama mahali pa tendo tu.

Vinavyokubali, nitaanza na ninavyovitumia zaidi. Kwa watu au vitu vingi tumia "those" au "the ones". Kwa kimoja tumia "the one". Ujumbe wa mama ulipaswa kuwa "On Friday, please cook the ones in the box." Umeona Ijumaa ilivyotangulia? Nikiiacha mwisho, mpishi mwenye ukorofi angeweza kuuliza kama kuna wengine wanaoingia kwenye boksi Ijumaa.

Halafu kuna jamaa za someone, anyone, everyone, nobody, na wenzao wa vitu, something, anything, everything, nothing. Hizi zinapenda kubeba: "someone at the gate", "nobody in the office", "everything on the table". Ukiwa na kivumishi, kitangulie kirai: "someone new in the office", si "someone in the office new".

Sisi na nyinyi pia tunakubali, ila kwa masharti. "We in Kisumu" ni sawa kama sisi ndio watendaji, na "us in Kisumu" ni sawa kama sisi ndio tunaotendewa. "We in Kisumu want better drainage," lakini "The rain finds us in Kisumu with blocked drains." Watu wengi huandika "Us in Kisumu want", na kwenye barua rasmi inaonekana vibaya. Ukiwa na wasiwasi, kuna njia ya mkato ambayo haibadiliki popote uiwekapo: "those of us in Kisumu". Kumwita mtu aliye mbali ni "you at the back", lakini hiyo ni ya mwalimu na wanafunzi wake. Usimwandikie meneja.

Kuna matumizi mengine ya "that" na "those" ambayo hayafundishwi sana, nayo ndiyo hutofautisha barua nzuri na ya kubahatisha. Ni pale unapolinganisha. Mtu anaandika, "The heat in Kisumu is worse than Kericho." Amelinganisha joto na mji. Sahihi ni "The heat in Kisumu is worse than that in Kericho," kama vile sisi tunavyosema "kuliko lile la Kericho". Vikiwa vingi: "The fish at the beach are fresher than those in town." Hatusemi "kuliko mjini" tukaishia hapo. Tunasema "kuliko wale wa mjini", na Kiingereza nacho kinataka "wale" wake.

Na wakati je? Matukio na vitu hubeba kirai cha wakati bila tatizo: "Which bus? The one at six." "There is nothing before Monday." Watu hawabebi wakati vizuri hivyo. "Anyone after six" inaeleweka, lakini inachechemea; ongeza kitenzi, "anyone arriving after six", sentensi inasimama.

Hatua ya tatu: usilete nusu ya kamba

Hili ni kosa ninalolisahihisha karibu kila siku, na chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe. Mtu anafikiri "wale walio nyuma", anaandika "those who at the back". Ameleta "who" ya o-rejeshi, akasahau kwamba Kiingereza kikishatia "who" kinadai kitenzi. Ama toa kamba yote, "those at the back", ama ilete nzima, "those who are at the back".

Kosa la pili ni ndugu wa hilo. Kiswahili husema "wale walio nyuma wanapiga kelele", na kile kiambishi "wa-" cha "wanapiga" kinasikika kichwani kama "they". Ndipo tunapata "Those at the back they are making noise." Kiingereza kimeshamtaja mtendaji mara moja, na "those" inatosha: "Those at the back are making noise." Kwa mdomo, stejini, hakuna atakayekushtaki. Kwa maandishi, futa "they".

La tatu ni umoja na wingi. "Everyone", "someone", "nobody" na "each" ni umoja, hata kama basi limejaa mpaka mlangoni: "Everyone on the bus is tired." Hapa Kiswahili kinakusaidia ukikisikiliza, maana sisi pia husema "kila mtu amechoka", si "kila mtu wamechoka". Balaa huja kirai kinapoleta wingi katikati. "Nobody in the two offices know" inasikika vizuri sikioni kwa sababu "offices" imekaa karibu na kitenzi, ila mwenye kitenzi ni "nobody": "Nobody in the two offices knows." Funika kirai chote kwa kidole, soma kilichobaki. "Nobody knows." Ukifanya hivyo hutakosea tena.

Na kuna ukanushaji. Sisi twaweza kusema "mtu yeyote ofisini hajui", kisha tukaandika "Anyone in the office doesn't know." Kiingereza hakitaki "anyone" itangulie kitenzi kinachokanushwa namna hiyo. Peleka ukanushaji kwenye kiwakilishi chenyewe: "Nobody in the office knows." Usirudie kukanusha kwenye kitenzi, maana "Nobody doesn't know" inageuka kuwa kila mtu anajua.

Hatua ya nne: vunja ile "-ni"

Sasa kihusishi chenyewe. Kiswahili kina kiambishi kimoja kinachobeba dunia nzima: sokoni, nyumbani, mezani, ziwani. "-ni" haisemi kama uko ndani, juu, kando, unakwenda au unatoka. Hiyo kazi tunaiachia kitenzi na ngeli ya mahali, PAKUMU. Wenzetu wanaokulia katika Kijaluo hawana nafuu kubwa, kwa sababu "e" yao nayo ni ya mahali kwa jumla: "e chiro" ni sokoni, "e ot" ni nyumbani.

Lakini hiyo PAKUMU ambayo wengi waliichukia shuleni ndiyo msaada wako. Jiulize ungesema "pale", "mle" au "kule".

Ukisema "pale", mahali pamoja, kama nukta kwenye ramani, mara nyingi Kiingereza ni "at": pale getini, "at the gate", pale stejini, "at the stage". Ukisema "mle", umefunikwa na kuta au mipaka, ni "in": mle ofisini, "in the office". Ukisema "kule" na kuna mwendo wa kwenda, ni "to". "On" haina ngeli yake, ni ya kilicho juu ya kingine au kilichoshikana nacho kwa uso: mezani, ukutani, barabarani. Kipimo hiki hakifiki kila mahali, nakubali, lakini kinafika mbali kuliko kukariri orodha.

Ngoja nikuonyeshe kwa neno moja tu la hapa kwetu: ziwani.

"There is someone at the lake." Kuna mtu pale ziwani, amekwenda ufukweni, pengine anakula samaki na ugali akitazama maji. Hakuna wasiwasi.

"There is someone on the lake." Yuko juu ya maji, yumo ndani ya boti au mtumbwi. Pengine ni mvuvi. Bado hakuna wasiwasi.

"There is someone in the lake." Yumo majini. Anaogelea, au ameanguka. Ukiituma hiyo kwa mtu, ataacha chai yake mezani akimbie na kamba.

Kwa Kiswahili zote tatu ni "kuna mtu ziwani", na tunategemea sauti ya msemaji kujua kama tukimbie au tukae. Kiingereza kimeliweka jambo hilo zima kwenye kihusishi cha herufi mbili.

Miji na magari nayo yana ukaidi wao. Unaishi "in Nakuru", lakini treni inayopita hapo inasimama "at Nakuru", kwa sababu kwa treni Nakuru ni nukta tu kwenye reli. Ukivuka mstari wa ikweta kwa barabara ya Busia, "you cross it at Maseno," nukta tena. Kuhusu magari, ukiweza kusimama wima na kutembea ndani, ni "on": "everyone on the bus", "those on the train". Ukiingia umeinama ukakaa, ni "in": "someone in the taxi". Ukipanda kwa kutanua miguu, ni "on", kwa hivyo boda ni "on". Matatu ya abiria 14 watu huisema kwa njia zote mbili. Mimi huandika "in", kwa kuwa mgongo wangu unajua nilivyoingia.

Barabara zenye majina husemwa "in" na Waingereza wengi na "on" na Wamarekani. Chagua moja, usichanganye kwenye barua moja.

Hatua ya tano: wakati, kuanzia saa

Kwa wakati kanuni ni rahisi zaidi. Saa ni "at", siku na tarehe ni "on", mwezi, mwaka na msimu ni "in". Nakuru inakupa mfano mzuri: "It became a city in 2021," lakini "It became a city on 1 December 2021." Mwaka peke yake ni "in", ukitaja siku inageuka "on". Mfano wa Kisumu ni wa zamani: "The railway reached it in 1901."

Asubuhi, mchana na jioni ni "in the morning", "in the afternoon", "in the evening". Usiku umekataa kufuata wenzake, ni "at night". Ukitaja siku pamoja nao, siku inashinda: "on Monday morning", "on Friday night".

Kuna maneno yanayokataa "at", "on" na "in" mbele yake: today, tomorrow, yesterday, tonight, pamoja na chochote kinachotanguliwa na next, last, this au every. "I will see them on tomorrow" na "Meet us on next Friday" nimezifuta mara nyingi kuliko kosa jingine lolote la wakati. Ni "I will see them tomorrow." Ni "Meet us next Friday."

Sasa saa yenyewe. Kila mtu anajua kwamba saa sita yetu ni twelve yao, lakini kujua na kuandika ukiwa na haraka ni vitu viwili. Kijana mmoja mwenye boti aliwatumia wageni waliotaka kuona jua likitua: "I will wait for you at the beach at twelve." Kichwani mwake ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Wageni wakafika jua la utosi, wakakaa ufukweni saa sita nzima, na kufikia jioni walikuwa wameiva kama mbuta wa kukaanga. Alipaswa kuandika "at six in the evening". Tangu nisikie kisa hicho, kila saa ninayoandika kwa Kiingereza ninaiongezea "in the morning", "in the afternoon" au "in the evening", hata inapoonekana haina haja.

Vihusishi viwili vinavyochanganywa ni "by" na "until". "Bring it by Friday" ni ilete kufikia Ijumaa, hata Jumanne ni sawa. "Keep it until Friday" ni kaa nayo hadi Ijumaa ifike. Ukiandika "Bring it until Friday", mwenye kusoma atadhani unataka iletwe kila siku mpaka Ijumaa.

"In" nayo ina kazi ya pili. "I will call you in two hours" maana yake ni baada ya saa mbili kuanzia sasa, na hapo sisi huandika "after two hours". Pia inapima muda uliotumika, kama katika mbio za Eliud Kipchoge kule Vienna: "He ran it in 1 hour, 59 minutes and 40 seconds."

Hatua ya sita: panga foleni

Virai vile ambavyo kipimo cha hatua ya kwanza kilisema ni vya kitenzi, huja na foleni yao. Kitenzi, kisha kiwakilishi kinachotendewa, kisha mahali, kisha wakati. "I met her at Kibuye on Sunday," Kibuye ikiwa soko letu hapa Kisumu. Kiswahili kinakuruhusu kuruka, "Jumapili nilikutana naye Kibuye", "Kibuye nilikutana naye Jumapili", zote sawa. Kiingereza hakiruki ovyo hivyo, na mruko wa kawaida zaidi ni kupeleka wakati mwanzo: "On Sunday I met her at Kibuye." Usikubali chochote kiingie kati ya kitenzi na kiwakilishi chake. "I met on Sunday her" haipo.

Kukiwa na mahali zaidi ya pamoja au wakati zaidi ya mmoja, kidogo hutangulia kikubwa. "At six on Friday." "In a shop near the market in Kisumu." Mbio za Kipchoge zikae hivi: "He ran it in Vienna on 12 October 2019." Mkutano mkubwa wa miji ya Afrika uliofanyika hapa kwetu: "They held it in Kisumu in May 2022." Zile "in" mbili zisikutishe, ya kwanza ni ya mji na ya pili ni ya mwezi, kila moja na kazi yake.

Jambo dogo linalotoroka hapa ni kiwakilishi chenyewe. Kwa Kiswahili unaweza kuulizwa, "Hiyo nguo umetoa wapi?" ukajibu, "Nilinunua Kibuye." Nguo haijatajwa, wala haihitajiki. Ndipo watu huandika "I bought at Kibuye", na Kiingereza kinabaki kikiuliza: ulinunua nini? Tia "it", au "them" zikiwa nyingi: "I bought it at Kibuye." Hapa "it" na "them" ni sawa kabisa, kwa sababu nguo imeshatajwa na "at Kibuye" ni ya kununua, si ya kuitambulisha nguo.

Na ukiwa na vitenzi vya maneno mawili kama "pick up" na "drop off", kiwakilishi hukaa katikati: "Pick me up at the stage at seven." Si "pick up me". Hapa Kenya tumezoea "pick me at the stage", na sote tunaelewana, lakini ukimwandikia mgeni tia ile "up", maana bila hiyo "pick me" ni "nichague mimi".

Hatua ya saba: jaribu mwenyewe

Geuza hizi kwa Kiingereza kabla hujasoma majibu. Tumia kidole, tumia "ambaye yuko".

Kuna mtu getini anakuulizia. Kila mtu kwenye basi alishuka Ahero. Viatu nilivinunua Kibuye Jumapili iliyopita. Bei za hapa ni nafuu kuliko zile za Nairobi. Waliopangiwa saa mbili asubuhi wangoje hadi saa nne.

Ya kwanza ni "There is someone at the gate asking for you." Ukianza na "At the gate is someone" umeandika mwanzo wa hadithi ya kutisha. Ya pili ni "Everyone on the bus got off at Ahero," ambapo "on the bus" ni ya watu na "at Ahero" ni ya kushuka, na ndiyo maana zimekaa pande mbili za kitenzi. Ya tatu, kama viatu vimeshatajwa, ni "I bought them at Kibuye last Sunday," bila "on", kwa ajili ya "last". Ya nne ni "Prices here are lower than those in Nairobi," na kumbuka "here" haitaki kihusishi mbele yake. Ya tano ndiyo ngumu: "Those booked for eight in the morning should wait until ten." Kama uliandika "those at two", rudi kwa yule kijana wa boti.